Kivuli cha Pembe za Delmar

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeua elki kumi na mmoja maishani mwangu, kulungu wakubwa kama farasi. Wote madume, kila mmoja kwa risasi moja.

Haya basi. Sijaua hata mmoja. Hata kibali cha kuwinda sijawahi kukata. Hao kumi na mmoja niliwaua kwenye barua, miaka thelathini, barua za Krismasi kwa dada yangu Opal kule Ohio. Yeye huandika habari za wajukuu. Mimi sina wajukuu, naandika elki.

Leo kapiga simu. Anakuja! Jumapili, basi la saa kumi jioni. Ana miaka sabini na minane, kasema anataka kuziona pembe zangu kabla hajafa, na ale nyama ya mnyama niliyempiga mwenyewe. Nikamwambia karibu sana dada. Nikaweka simu. Nikakaa chini.

Pembe zipo, ila za jirani. Delmar Haugen kazitundika juu ya mlango wa gereji yake, matawi sita kila upande. Jua likichomoza, kivuli chake kinavuka ua, kinaingia dirishani kwangu na kulala juu ya sahani yangu. Miaka tisa nakula mayai yenye pembe. Si wivu. Mayai yanapoa tu.

Msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa Jumamosi. Elki mmoja tu nataka. Hata mwenye kilema.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimekata kibali. Yule mama wa dukani akauliza kama cha mwaka jana kimepotea. Nikamnong'oneza kuwa hiki ndicho cha kwanza. Akarudia kwa sauti, “Cha kwanza! Miaka sabini na moja!” Na nani yuko nyuma yangu ananunua risasi? Delmar, nani mwingine.

Akanitania mimi dereva wa basi la shule, mbele ya watu, “Mzee Lyle, angalia sana, elki si mtoto wa shule. Ukimfungulia mlango wa basi hapandi.” Duka zima likacheka. Nikacheka kuwashinda wote, wasije wakajua imeniingia.

Tatizo ni upelelezi. Wenzangu wanapanda milimani tangu Agosti kutafuta elki wanakula wapi, wanalala wapi. Mimi asubuhi basi la shule, jioni basi la shule. Nina kesho mchana tu, muda wa saa nne. Delmar amestaafu, kapeleleza wiki saba! Wiki saba kwa mwenye pembe, saa nne kwa asiyenazo. Haki iko wapi?

Ndipo akili ikanijia. Kwa nini niupeleleze mlima? Nimpeleleze Delmar!

Jioni, alipoliegesha nyumbani, nikaenda nyuma ya gari lake. Matope mekundu kwenye tairi. Matope ya rangi hiyo yako Kijito cha Carver peke yake. Nikainusa tairi kuhakikisha. Fern, mke wangu, akaniona nimepiga magoti, pua kwenye mpira. Akaniuliza nimebadili dini lini.

Jumatano, 18 Oktoba

Ushindi! Nimeipata njia yake. Kaweka alama za tepe za pinki kwenye misonobari, mti baada ya mti, kama anampeleka bibi harusi. Zikafika njia panda. Kulia, kinamasi cha mierebi, matope mpaka kiunoni. Kushoto, uwanda wa nyasi, na mavi ya elki kila mahali, mengine yana mvuke. Sijawahi kufurahia mavi namna ile. Tepe zilikwenda kushoto.

Sasa zinakwenda kulia.

Tepe kumi na nne nimezifungua na kuzifunga upya, mpaka katikati ya kinamasi. Sikuiba kitu. Nimepanga upya tu. Delmar anaamka gizani, anafuata pinki, anazama. Mimi uwandani peke yangu, kama mfalme.

Nilichelewa kuwachukua watoto dakika kumi na tano. Nikamwambia mwalimu mkuu ilikuwa pancha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Delmar kabisha hodi. Nikajua tepe zimesema. Kumbe kaniletea kizibao cha rangi ya chungwa, cha ziada, nisije nikapigwa risasi na vijana wa mjini. Akaniambia pia niuangalie upepo, mzee mwenzangu, upepo kwanza kabla ya yote. Nikamjibu upepo hauonekani, utauangaliaje? Akacheka, akaondoka.

Wema wa namna hii unaudhi sana. Niliona haya kama dakika nne hivi. Kisha jua la jioni likapiga gereji yake, nikaziona zile pembe. Haya ikaisha.

Jumamosi, 21 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri nilikuwa uwandani, chini ya msonobari mmoja, soseji mfukoni. Upepo mtamu mgongoni, unanisukuma taratibu kama mke mpya. Nikawahurumia wanaokaa wakipigwa na upepo usoni.

Kukapambazuka. Akatoka! Dume. Matawi saba, SABA, kila upande! Hatua mia mbili mbele yangu. Nikahesabu matawi mara mbili badala ya kulenga. Akainua pua. Akaninusa mimi, soseji, tumbaku, na nadhani hata basi la shule. Akaniangalia kama mkaguzi wa leseni. Kisha akageuka, akashuka mbio.

Kushuka wapi? Kinamasini.

Pa! Risasi moja.

Nikashuka. Delmar yumo kwenye matope mpaka mapajani, tepe ya pinki sikioni mwake, na dume limelala kwenye nchi kavu hatua kumi mbele yake. Anacheka machozi yanatoka. Anasema hajui kafikaje pale, tepe zake zimempoteza, alikwama, hawezi mbele wala nyuma, mara mnyama huyo kaja kama kaitwa. Anasema yeyote aliyezigusa zile tepe Mungu ampe maisha marefu.

Kazi moja ya maana niliyofanya mlimani, na siwezi kujisifu kwa mtu yeyote!

Na desturi ni desturi. Anayefika wa kwanza anabeba. Mguu mzima wa nyuma, mgongoni kwangu, maili nne. Njiani Delmar alipiga mluzi.

Jumapili, 22 Oktoba

Mgongo umekataa kunyooka. Delmar kaniletea nyama, pauni ishirini. Kasema ni haki yangu. Fern anaipika na viazi. Kaniuliza kama kwenye shimo nililomchimbia Delmar hakuna nafasi ya kuchimba karoti pia. Sijui nani kamwambia.

Kwa hiyo nyama ipo. Pembe hakuna.

Delmar kazitundika mpya asubuhi hii, kando ya zile za zamani. Kivuli sasa kimefunika mayai, mkate na kikombe cha kahawa.

Mwakani sifanyi kosa. Tepe nitazihamisha mara mbili.

Zimebaki saa tatu basi la Opal lifike. Nimemwandikia Delmar karatasi, Fern ataipitisha juu ya ua:

Jirani, sipendi kukumbushana, lakini nakudai ujira wa kubeba mguu mmoja wa nyuma, maili nne. Naomba kitu kidogo tu. Niazime zile pembe za zamani mpaka Jumatano, unitundikie juu ya mlango wangu kabla ya saa kumi. Dada yangu akikuuliza za nani, sifia hali ya hewa. Na uje na ngazi yako, mimi mgongo wangu unajua umeharibiwa na nani.