Jina Langu Liwe Safi Kabla ya Mvua

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Leo nimeamua. Jina langu lazima liwe safi kabla ya mvua.

Kijiji chetu chote cha Mwamapalala kinakopeshwa na kampuni mpya za pamba. Mbegu, dawa, hata plau ya kukokotwa na ng'ombe! Soko huria, wanasema. Kila mtu yuko huru isipokuwa mimi. Josia, wakala wa kampuni, kijana wa shati la mikono mirefu, amenieleza kwa upole kwamba huko Bariadi wanajua sijalipa deni la chama cha msingi cha ushirika tangu mwaka 1989. Nikamwambia deni hilo limezeeka. Akauliza, limezeeka au limezaa?

Deni lenyewe ni la plau. Plau hiyo niliiuza zamani. Sioni kwa nini bado inanifuata.

Mke wangu Nyanjige amesema mwaka huu halimi tena pamba kwa jembe la mkono. Plau isipopatikana anarudi kwao Zagayu. Amesema hivyo huku anapepeta mtama, bila hasira yoyote. Angefoka ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Danford amekuja! Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya madeni ya zamani ya chama. Baiskeli yake inalia minyororo, ukiisikia unapata nafasi ya kujificha. Nikaingia kwenye ghala la mahindi. Nikamwagiza Nyanjige aseme niko Maswa.

Nyanjige hajui kudanganya. Akamwambia Danford, amesema yuko Maswa.

Danford hakugomba. Akaketi akala michembe yangu yote na chai juu, akisifu jinsi viazi vyetu vilivyokaushwa vizuri. Mimi ndani ya ghala, njaa inaniuma, panya wananitazama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata akili. Josia ameniambia kampuni inaweza kufumbia macho mambo ya nyuma kama mtu ana ng'ombe wa kutosha. Atakuja Jumamosi kuangalia zizi. Mimi nina ng'ombe mmoja, na huyo anasimama kwa kujikaza.

Lakini mama mkwe, Mama Specioza, mjane wa Zagayu, ana ng'ombe wazuri. Mimi mwenyewe siwezi kwenda kumwomba. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, akitokea huku mimi napotelea kule. Kwa hiyo nimemtuma Nyanjige. Atamwambia tunaomba kubilisa tu: tuwalishe ng'ombe wake hapa kwetu, sisi tunywe maziwa. Nani atashangaa? Hakuna zizi huku lisilo na ng'ombe wa watu.

Nyanjige ameuliza kama mama yake aelezwe habari za Josia. Nimemjibu kwamba hayo ni mambo ya kiofisi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ilianza vizuri kabisa. Ng'ombe sita wa mama mkwe zizini, na wangu wa saba! Josia akawasifu. Nikamwambia wote ni wangu, nikampa na majina yao, niliyatunga palepale. Nikatia sahihi karatasi ya mkopo.

Mara minyororo ya baiskeli. Danford, na mtendaji wa kijiji, na mgambo wawili! Kumbe Josia, kwa uaminifu wake usio na faida, alikwenda kwa Danford kuuliza habari zangu, akamtajia na siku ya kuja. Danford akanisalimu mwangaluka kwa heshima zote. Akauliza kama hawa ng'ombe ni wangu.

Josia ananitazama. Karatasi yenye sahihi yangu iko mkononi mwake. Nikisema si wangu, plau imekwenda. Nikisema ni wangu, ng'ombe wamekwenda.

Nikasema ni wangu. Sauti ilitoka ndogo.

Wamechukua wanne kufidia deni, wote wa mama mkwe. Yule mwekundu aligoma kutoka, Danford akaniomba nisaidie kumswaga. Nikasaidia.

Jumapili, 13 Oktoba

Tuseme kweli, si hasara tupu. Danford ameniandikia barua yenye mhuri kwamba sidaiwi tena. Nimekwenda nayo kanisani. Josia ameiona, akasema jina safi linashinda zizi kubwa, plau italetwa wiki hii.

Nyanjige haongei nami. Yule mwekundu ndiye aliyekuwa akimpa mama yake maziwa ya chai. Nimejisikia vibaya sana, mpaka chakula cha mchana.

Jumanne, 15 Oktoba

Mama mkwe amekuja.

Hakupiga kelele. Hakuleta mgambo. Ametandika mkeka wake mlangoni kwangu, ametoa rozari, amekaa. Basi! Mimi siwezi kuingia nyumbani kwangu mwenyewe. Nimerudi ghalani.

Nyanjige ananiletea ugali nyuma ya ua wa minyaa. Anasema mama hana haraka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Plau imefika! Mpya, rangi yake haijaguswa na udongo. Josia ameishusha mlangoni. Mama mkwe ameipokea, ameshukuru, ameiweka kando ya mkeka wake. Nimeiona kwa mbali, kupitia tundu la ghala. Roho iliniuma.

Jioni Nyanjige alikuja uani. Akasema mama haombi ng'ombe leo wala kesho. Anaomba nitume neno moja tu, kwamba nilimkosea. Akipata hilo atakunja mkeka. Akasema na yeye pia angependa kulisikia. Alikuwa na machozi.

Nilifikiri kwa muda mrefu. Nikamwambia amweleze mama kwamba nashughulikia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wingu limetanda. Mama mkwe ameondoka asubuhi na ng'ombe wake wawili waliobaki, wamekokota mkokoteni. Juu ya mkokoteni kuna plau yangu. Nyanjige alifuata nyuma na kanga zake kichwani. Watalima Zagayu. Plau nitailipa mimi.

Nimeingia nyumbani. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nimekoka moto mwenyewe, nimeunguza uji. Ninamkumbuka Nyanjige kuliko nilivyotarajia.

Lakini si mwisho wa mambo. Ili arudi, inatakiwa nirudishe ng'ombe wanne. Kupata ng'ombe inatakiwa fedha. Na fedha ipo: kampuni nyingine imefungua ofisi Bariadi, na jina langu sasa ni safi, mhuri ninao! Wanataka tu kuona zizi. Nimemtumia salamu rafiki yangu Bundala wa Shishiyu aniazime ng'ombe wake wanane, kwa ajili ya maziwa. Habari za huku bado hazijamfikia. Amekubali.

Safari hii nimejifunza. Bundala si mkwe wangu. Akija kukaa mlangoni, nitampita tu niingie ndani.