Kuku Wasiotaka Kutoka

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Sista Cornelia, anayenunua mayai yangu kwa ajili ya hosteli yao hapa Sumbawanga, kasema kuanzia mwezi ujao hataki yai la kuku wa kizimbani. Wageni wanauliza kuku wanaishije. Anataka kuku wanaotembea. Atakuja Jumamosi kukagua. Jirani yangu Gaudiosa anafuga kuku wake chini, bila vizimba, tangu zamani. Leo kanisalimia kwa huruma. Huruma!

Mke wangu Leonia anashauri tutandaze maranda ya mbao sakafuni, tuweke viota na fito za kulalia, tuwatoe kidogo kidogo. Wiki mbili, tatu. Mimi nina njia fupi: nafungua milango, basi.

Jumanne, 10 Juni
Nimefungua vizimba vyote. Kuku tisini na sita. Hakutoka hata mmoja. Nikamwaga mahindi sakafuni. Mmoja akatoa shingo, akatazama chini, akairudisha ndani. Nimesubiri juu ya ndoo hadi saa saba. Wao wamestarehe. Mimi mgongo unauma.

Jumatano, 11 Juni
Nimewatoa kwa mikono, mmoja mmoja. Nimechanwa hadi viwiko. Baridi ya Ufipa na upepo wake ikawakuta hawajui pa kwenda, wakarundikana kona moja, wakapandana. Nilipowatenganisha, wanne wa chini walishakufa kwa kukosa hewa. Leonia kaleta magunia mawili ya maranda kutoka kwa seremala, katandaza mwenyewe. Angenigombeza, ningepumzika.

Alhamisi, 12 Juni
Kideri, ugonjwa unaomaliza banda zima! Watatu wameanguka ubavu, mbawa wazi, miguu inatupatupa, macho nusu yamefumba. Sikusita. Nimewachinja palepale ili niokoe wengine. Nikamwita Leonia kwa sauti ya shujaa. Kawatazama, kagusa vumbi la maranda lililojaa kwenye manyoya yao.

“Baba Lydia,” akasema, “walikuwa wanaoga.”

Nimefuga miaka minne. Sikujua kuku anaoga vumbi. Mwaka mzima hawa walisimama kwenye waya wa vizimba. Siku yao ya kwanza ya kuoga, kisu. Mchana sikuweza kula.

Ijumaa, 13 Juni
Mayai kumi na moja tu, mawili yameliwa na waliotaga. Kesho Sista. Nimekwenda kwa Gaudiosa kuazima kuku ishirini, nikadai ni wa kuwafundisha wangu. Kakubali. Kumbe ni mtu rahisi hivi!

Jumamosi, 14 Juni
Sista alifika saa nne. Kuku wa Gaudiosa wakatamba uani kama wenye nyumba. Nikaeleza jinsi ninavyopenda uhuru wa kuku. Sista akasifu. Ndipo Gaudiosa, ng'ambo ya ua, akagonga sufuria ya pumba. Ishirini wote mbio, wakapenya ua, wakaenda kwao. Nikabaki na wangu, waliokwisha kujirudisha vizimbani.

“Mzee Evaristi, na hawa je?” Sista akauliza.

Nikajibu wanapumzika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akamgeukia Leonia, wakaongelea maranda na viota hadi chai ikapoa. Oda ya mwezi ujao kapewa Gaudiosa. Ya Agosti itamsubiri Leonia, kuku wakishazoea. Sikutajwa popote. Nilibeba vikombe.

Jumapili, 29 Juni
Wanatembea. Wanachakura, wanaoga, jioni wanapanda fito wenyewe. Leonia aliwatoa sita sita, akikaa nao chini kwenye maranda. Nakiri wanapendeza.

Ila vizimba vimebaki vitupu, na mimi siwezi kuona kitu kikikaa bure. Baada ya misa nimekutana na Alfonsi, mfanyabiashara wa Kabwe, kanihakikishia kwamba bata wana soko. Nimeagiza thelathini. Leonia kauliza bata atatembeaje kwenye waya, na maji atayapata wapi. Nimemtuliza. Bata kupenda maji ni mazoea tu. Nitafunga milango vizuri, watazoea.