Nyundo ya Mwalimu Zamfir

Zamfir Obreja hakuwahi kuwa na kazi, lakini hakuwahi kukaa bure. Mwaka juzi aliuza sumaku za kupunguza bili ya gesi. Mwaka jana akauza dawa ya kufukuza dubu, maji ya bomba yenye tone la siki, na kwa kuwa wateja wake wote waliishi ghorofa ya nane, hakuna aliyerudi kulalamika kwamba ameliwa.

Asubuhi hiyo ya Oktoba alikuwa stendi ya Focsani, akinywa kahawa aliyonunuliwa na mtu asiyemjua. Meza ya pili alikaa dada mmoja mwenye mguu wa plasta, bahasha ya vipeperushi mapajani, akiigombeza simu yake.

"Haishiki! Kijijini Fageta mtandao haushiki hata kwa dua."

"Pole dada'ngu," Zamfir akasema, tayari ameshahamia meza yake. "Kwani huko kuna nini?"

Kulikuwa na somo. Wiki nzima, kaya zote za ushirika wa msitu: namna ya kutunza miti, namna ya kupunguza moshi na kuni nyumbani, tabianchi na mambo yake. Mwalimu ndiye huyu dada, na mwalimu amevunjika mguu. Angewatumia barua waahirishe.

"Barua? Mimi napita huko huko leo!" Zamfir akashika kifua. "Nipe na hivyo vipeperushi, nitawafikishia kwa mkono wangu."

Na akavifikisha, hilo tusimnyime. Kilichopotea njiani ni barua tu.

Sasa, usidhani Zamfir alikuwa na uchungu na tabianchi. Alikuwa na uchungu na kibanda. Mfanyabiashara wa mbao aitwaye Titu Balauru alikuwa na kibanda cha maandazi Mangalia, ufukweni, na alikwishatangaza kwenye kila baa ya mkoa: atakayempatia mifagi ya Fageta, ile miti mirefu ya mbao ngumu, yenye alama ya ushirika, kibanda ni chake. Zamfir alikuwa na miaka thelathini na minane, magoti yameanza kulia akikimbia polisi. Alitamani kukaa mahali pamoja, anukie sukari, aite watu "karibu" na amaanishe.

Mifagi yenyewe iko juu ya chemchemi yetu sisi watu wa Fageta, mizee, gome la kijivu laini kama ngozi ya tembo. Chini yake ndipo tunapochota maji. Mlima ukivuliwa miti huko kwetu, unashuka wenyewe kukusalimia sebuleni; waulize wenzetu wa bonde la pili, ambao sebule zao sasa ziko mtoni. Na mti usiogongwa alama kwa nyundo ya ushirika kwenye shina haupiti barabarani: lori linakamatwa. Kwa hiyo mwenye nyundo ndiye mwenye msitu. Na Titu alikwishaanza kutulainisha. Miaka sita tulibishana ukumbini miti ipi ihifadhiwe, kila mmoja akitaka ihifadhiwe ile ambayo jirani yake ameipigia hesabu ya kuni, na nusu ya ukumbi ikaanza kusema, labda tumuuzie tu, tupumzike.

Hapo ndipo mwalimu Zamfir alipoingia, koti zuri la kahawia, nywele zimelala kwa maji.

"Ndugu zangu," akaanza, mikono juu, "hewa inaumwa!"

"Inaumwa wapi?" akauliza Mzee Onu, fundi wetu wa majiko ya vigae.

"Kila mahali, mzee wangu!"

"Basi ni kama mke wangu."

"Wewe nawe!" mkewe akamtupia glavu.

Zamfir alisema kwa saa nzima. Alisema kwa uchungu, kwa machozi karibu, akachungulia kipeperushi, akasema tena. Nikiri: tulipiga makofi. Kisha Shangazi Paraschiva, mwenyekiti wa ushirika, akanyoosha kidole taratibu.

"Mwalimu, nisaidie mimi mjinga. Kuni za mfagi zikaushwe muda gani ndipo zisitoe moshi?"

Kipeperushi kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine. Zamfir akatabasamu.

"Wiki mbili, mama. Mkiziweka juani vizuri."

Ukumbi mzima ukamkazia macho. Zamfir akadhani amewagusa mioyo. Huko kwetu hata mtoto anayenyonya anajua ni viangazi viwili, na usipongoja, unakaanga moshi na kusinzia kwa baridi.

"Wiki mbili," Shangazi Paraschiva akarudia polepole, kama anayeonja mchuzi. "Kumbe tumechelewa kuzaliwa. Mwalimu, utatufundisha kwa vitendo?"

"Vitendo ndiyo dini yangu!"

Hilo alijuta Jumatatu, akiwa ndani ya dohani ya Mzee Onu, anakwangua masizi.

"Panda juu kidogo, mwalimu!" Onu akapaza sauti kutoka chini. "Jiko chafu linakula kuni mara mbili, si ndivyo ulivyotusomea?"

"Nilisoma, mzee, sikusema mimi ndiye..."

"Sikusikii! Panda!"

Jumanne akaziba nyufa za madirisha ya nyumba saba kwa sufu ya kondoo. Jumatano akapanga kuni za wajane watatu chini ya paa, magogo yakiachiana nafasi upepo upite. Mwalimu hawezi kukataa somo lake mwenyewe. Lakini walimlisha: ugali wa mahindi na jibini, kabichi, pombe ya plamu ya kutoa kutu kooni. Shangazi Paraschiva akamvua koti, limejaa masizi, akaliosha na kulitundika nyuma ya jiko lake.

"Watu wema sana hawa," Zamfir alimwambia Titu kwa simu, amepanda mnara wa kanisa kutafuta mtandao. "Wema mpaka unawahurumia. Njoo Ijumaa na malori."

Alhamisi akaiomba nyundo.

"Ya nini, mwanangu?" Shangazi akauliza mbele ya watu wote.

"Somo la mwisho. Mti ukigongwa alama, umehesabiwa; ukihesabiwa, unatunzwa. Nitagonga mwenyewe, msichoke. Tuanze na ile mizee ya juu ya chemchemi."

"Ile ile?"

"Ile ile, mama."

Shangazi akamtazama Mzee Onu. Mzee Onu akatazama buti zake. Sanduku la ushirika lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja hukaa shingoni mwa Shangazi, wa pili kwenye mfuko wa tumbaku wa Onu. Wakafungua. Shangazi akapekua humo ndani muda mrefu, kama anayechagua nyanya sokoni, mwisho akatoa nyundo imefungwa kitambaa chekundu.

"Kuna kadesturi kamoja tu. Anayegonga mti anakuwa baba yake wa ubatizo. Unayajua mambo ya baba wa ubatizo?"

"Mama! Hata Bukarest tunayajua."

"Hamkatai mtoto?"

"Kamwe!"

"Na kila mwaka humletea zawadi?"

"Mbili!" akajibu Zamfir, maana kuahidi hakujawahi kumgharimu kitu.

"Umesikika," akasema Shangazi. Karani akaandika. Tukambusu mwalimu mashavuni, kaya zote, mmoja mmoja.

Akagonga mifagi themanini na minne. Mlimani, kwenye matope, kutoka asubuhi mpaka alasiri, sisi tukimwimbia. Viganja vikachubuka. Kila pigo akaona ubao mmoja wa kibanda chake: huu ukuta, hii kaunta, hii chupa ya sukari ya unga. Kila kaya ikaweka sahihi kwamba imeshuhudia, hata wale wa kumuuzia Titu, maana nani atabishana na mwalimu? Miaka sita ya ugomvi ikaisha siku moja, kwa sababu mara hii aliyechagua miti hakuwa jirani wa mtu.

Ijumaa Titu akaja na malori matatu na fundi wake wa msumeno, Ghita, mzee aliyefanya kazi miaka thelathini msituni. Zamfir akampokea kama bwana harusi. Ghita akainama kwenye mfagi wa kwanza, akapangusa shina kwa kidole. Akaenda wa pili. Wa tatu. Kisha akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Bosi, washa gari. Hii ni nyundo ya jani."

"Ya jani ndiyo nini?" Zamfir akauliza.

"Ushirika una nyundo mbili, kijana. Yenye alama ya shoka ni ya mti wa kukatwa. Yenye alama ya jani ni ya mti usioguswa mpaka uanguke wenyewe. Umeifungia mifagi yote! Sijaona mtu amefanya kazi safi hivi."

"Na karatasi yenye sahihi za kaya zote iko ofisi ya misitu tangu saa mbili," Shangazi Paraschiva akaongeza, akitokea nyuma ya mti na kikapu cha uyoga, na nyuma yake sisi sote, majembe mabegani.

Titu akageuka mwekundu kama kiazisukari. "Zamfir! Kibanda? Utauza maandazi ahera!" Akamwendea na ngumi.

Zamfir akafanya ujanja pekee uliobaki: akajificha nyuma ya sketi ya Shangazi.

"Taratibu, bwana," Shangazi akasema. "Baba wa ubatizo hapigwi mbele ya watoto wake."

Titu akahesabu watu, akahesabu majembe yetu, akapanda gari.

"Mlijua lini?" Zamfir akauliza.

"Wiki mbili juani, mwanangu?" akasema Shangazi, na mlima mzima ukacheka. "Haya. Zawadi ya mfagi ni mche mmoja, upandwe jirani yake. Wewe uliahidi miwili. Mia moja sitini na minane. Tutakungoja."

Mjanja hangoji. Walipokuwa mezani, Zamfir akapita sandukuni, akakuta kufuli wazi, akanyakua kile kitambaa chekundu chenye uzito wake, akakimbilia basi la Focsani bila hata koti. Nyundo ya zamani vile, wapenda vitu vya kale hawatakosa.

Basi lilipovuka daraja akakifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha gogo la mfagi, kibichi, kinatoa maji, na maandishi ya chaki: "Kimekatwa juzi. Usikichome kabla ya viangazi viwili. Wanao wanakusalimu."

Dereva, binamu yake Onu, akamtazama kwenye kioo. Alikuwa akitabasamu tu.

Aprili, theluji ilipoyeyuka, tukamwona Zamfir anapanda njia ya chemchemi. Alisema amefuata koti lake, hana lingine, atalichukua na kuondoka.

Tukamkubalia. Ila mtu aliyefuata koti haji na jembe.