Betri Imebaki Sitini na Nane

Jumatatu, 2 Februari 2026

Sitini na nane! Juzi ilikuwa sitini na tisa. Nimekifuta kioo cha dashibodi ya pikapu yetu ya umeme kwa kiwiko, nikazima, nikawasha tena. Afya ya betri: asilimia sitini na nane. Uji umenishinda.

Nikampigia Kavutha, fundi wa magari ya umeme kule mtaa wa Fedha. Nikamwambia naulizia rafiki. Akasema betri ya aina hiyo ikifika sitini, huyo rafiki aanze kuzoea kutembea. Nikauliza bei ya mpya. Akaitaja polepole, vile daktari hutaja ugonjwa. Karibu sawa na pikapu nzima! Nimeiandika hapa kisha nikaikata. Sitaki kuiona.

Nerima, mke wangu, hajui. Pikapu hii ni pesa zake. Miaka sita ya kushona sare za shule hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, pesa za kufungua duka. Nilimwahidi mambo mawili: petroli hatutanunua tena, na betri haifi. La kwanza ni kweli.

Ameniuliza mbona sili, kwani nina homa? Nimesema ndiyo.

Jumanne, 3 Februari

Mpango: kubana. Betri isiyotumika haichoki. Redio nimezima, feni nimezima, vioo nimefunga ili upepo usinivute nyuma. Jasho mpaka ndani ya viatu.

Leo nilikuwa namhamisha mteja, Triza, kutoka ghorofa ya sita hapa Pipeline hadi mtaa wa Tena. Kitanda, friji, godoro, yeye na kuku wawili. Tukafika kwa kimlima. Kidogo tu, lakini moyo ulinipasuka. Nikamwomba ashuke asukume, nikamweleza kuwa magari ya umeme yana desturi hiyo. Akasukuma! Mita hamsini nzima, kuku kwapani. Tulipofika alinilipa nusu, akasema nusu nyingine ni ya msukumaji.

Na Njogu aliona. Njogu ana pikapu kuukuu ya petroli, inakohoa moshi mweusi, na tunaegesha steji moja tukinyang'anyana wateja. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, kama stima imepotea ama ni tokeni za umeme zimeisha. Steji nzima ikaangua kicheko. Nikacheka pia.

Alhamisi, 5 Februari

Sitini na saba! Wueh!

Nimepata mpango, na huu ni wa kiume: kumuuzia Njogu. Ife mikononi mwake. Nilimkuta akimimina petroli kwa jerikeni, akilaani bei. Nikamwambia kwa upole kwamba kwa sababu ya ujirani mwema niko tayari kumwachia yangu. Macho yalimtoka. Atakuja kuikagua Jumamosi saa sita mchana. Kisha akaongeza kuwa shemeji yake amemshauri aitazame ile namba ya afya ya betri. Shemeji gani huyo wa kujua kila kitu!

Nina siku moja ya kupandisha namba. Nimetetemeka mpaka Nerima akaniletea blanketi. Februari hii!

Ijumaa, 6 Februari

Nimekumbuka! Mama, kule kijijini Chwele. Betri za redio zikiisha nguvu alikuwa akizianika juani juu ya mabati, na jioni tunasikia taarifa ya habari bila shida. Betri ni betri.

Nikaomba uwanja wa kanisa kule Fedha, peupe, bila hata kichaka. Tatizo moja: hii betri iko chini ya sakafu, jua halifiki. Sikushindwa. Nikainua pikapu upande mmoja kwa jeki, nikaitegesha kwa mawe, nikatandaza mabati mapya chini yake ili jua liruke liende juu. Saa nne hadi saa kumi. Mimi pembeni, kitambaa kichwani, nikiomba. Sakafu ikawa ya moto hata haigusiki. Nikaona mambo yameiva.

Saa kumi nikawasha. Kioo chote kikawa chekundu! Picha ya kipimajoto, maandishi marefu, kisha giza. Funguo zikanianguka. Nimeiua. Mungu wangu, nimeliua duka la Nerima.

Jumamosi, 7 Februari

Njogu alifika saa sita kamili, mtu ambaye hajawahi kuwahi hata mazishi. Akaikuta bado juu ya mawe. Akaizunguka. Akauliza kama imelalia mayai. Nikasema ni sarvisi ya kawaida. Akainama, akashika mabati, akaungua vidole, akacheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo Nerima akatokea na chakula changu. Njogu akamsalimu vizuri, kisha akamuuliza kama ni kweli tunauza. Nerima akaweka bakuli juu ya boneti. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza nilikuwa nimepanga kumwambia siku gani. Hata Njogu aliacha kucheka, akasema ana mzigo mahali, akaenda zake.

Nerima mwenyewe ndiye aliyempigia Kavutha.

Jumapili, 8 Februari

Kavutha amekuja na vifaa vyake, waumini wakipita na Biblia wakitutazama. Aliposikia habari ya kuanika aliuliza kama mtu wa homa nyumbani kwetu huwa tunamlaza juu ya jiko. Tukaishusha kwenye mawe, tukaisukuma hadi kivulini mwa ukuta. Akaifungua. Haijafa, akasema, imejizima kwa joto tu. Akasema ndani kuna pakiti nyingi, na moja tu ndiyo mbovu, ndiyo inayoziangusha nyingine. Akaitoa, akaweka nyingine iliyotumika.

Sabini na moja! Akasema tukiitunza itatufanyia kazi miaka minne, hata mitano. Nimelia mbele ya watu, sioni haya.

Nerima ndiye aliyelipa. Ameuza cherehani moja kati ya zake mbili. Ameniomba kitu kimoja tu: jambo lolote la pikapu hii, nimwambie yeye kwanza. Nimeapa, tena mlangoni mwa kanisa.

Jumanne, 10 Februari

Ndung'u, mwenye gereji kule Tena, ana pikapu aina ya yetu. Betri yake hamsini na mbili. Anaiuza bei ya kutupa kwa sababu anaiogopa. Watu hawajui hesabu! Sabini na moja ukijumlisha na hamsini na mbili ni mia moja na ishirini na tatu. Hakuna gari Eastlands nzima lenye mia moja na ishirini na tatu! Betri moja ikichoka, nyingine inashika. Hofu kwisha.

Pesa sikuwa nazo, kwa hivyo nimemwachia yetu iwe rehani. Nisipomaliza kulipa Ijumaa, inakuwa yake. Hii nyingine haijakubali kuwaka, lakini hilo ni jambo dogo. Nimeikokota kwa kamba, vijana wa gereji wakisukuma nyuma, hadi chini ya ghorofa letu.

Nerima nitamwambia kwanza, kama nilivyoapa. Yaani kwanza, kabla ya Ijumaa.

Namsikia anapanda ngazi, yuko kwa simu na mteja. Anamwambia: usiwe na wasiwasi, pikapu ipo, mume wangu atafika kwako kesho saa mbili asubuhi.