Rekombinase na Kamba za Kuanikia

Jumatatu, 7 Machi 1994. Likasi.
Darasa karibu tupu. Wanafunzi wengi wako machimboni Kamatanda, wanachimba shaba. Mama Marceline, mkuu wa shule, amesema hali ikiendelea hivi hadi Ijumaa, somo langu la biolojia linafutwa. Saa zangu atapewa Floribert wa kemia. Floribert! Mtu wa moshi na harufu! Hapana. Nitawaonyesha rekombinase: kimeng'enya kinachosogeza pamoja nyuzi mbili za ADN, yaani DNA, mahali zinapofanana, kinazikata, kinabadilisha ncha, kinaziunga upya. Nani ataenda kuchimba tena?

Jumanne, 8 Machi.
Vifaa hakuna. Basi kamba! Nyekundu ni ya mke wangu Angèle, ya kuanikia nguo. Ya buluu ni ya Floribert, jirani yangu kwa bahati mbaya. Zimekaa sambamba uani. Nimealika darasa zima kesho. Kuomba ruhusa? Sayansi haina muda.

Jumatano, 9 Machi.
Balaa! Walikuja wengi, na Mama Marceline pia. Nilikata zote mbili. Ncha zikaniponyoka. Mashuka ya Angèle, matopeni. Suruali ya Floribert ya kanisani, matopeni. Nikaunga haraka: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Yaani hakuna kilichobadilika! Mama Marceline akauliza kama biolojia ndiyo hiyo.
Ndipo Claire, aliyekuwa ameacha shule tangu Krismasi, akasema: "Mwalimu, weye uliachilia. Ile rekombinase, nayo inaachiliaka?"
Haiachilii! Inakata huku imezishika ncha zote nne.
"Basi tushike," akasema.
Wakashika. Nikakata. Wakabadilishana ncha, wakafunga. Kamba mbili, kila moja nusu nyekundu, nusu buluu! Makofi!

Ijumaa, 11 Machi.
Madawati yamejaa. Claire amekaa mbele. Biolojia inabaki! Angèle amenifulisha kila kitu, hata suruali ya Floribert. Floribert mwenyewe amesema somo lilikuwa zuri, ila siku nyingine nibishe hodi. Nimeahidi.

Jumapili, 13 Machi.
Kamba ni za watoto wadogo. Nimeona kitu bora: nyaya za umeme, wa kwangu na wa Floribert, zinapita sambamba juu ya paa. Umeme wa bwawa la Mwadingusha haujaonekana wiki nzima, kwa hiyo hatari hakuna. Koleo ninalo. Na safari hii ncha nitazishika mwenyewe.