Nani Kaulaza Mkia wa Pikapu?

Redio, mpasha habari wetu wa kijiweni, alikuja mbio, simu mkononi, akatusomea habari hata kabla ya salamu: kuanzia kesho, gari lolote lililolala nyuma halipiti ukaguzi. Linapelekwa moja kwa moja kusagwa kama chuma chakavu.

Sisi tulikuwa palepale tunapokaa siku zote, nyuma ya pikapu ya Mzee Asilia, nje ya gereji ya Fundi. Miguu inaning'inia, vikombe vya kahawa mkononi, migongo imeegemea turubai ambalo mzee hufunikia mizigo yake. Pikapu yenyewe ni ya zamani sana. Pua inatazama mawingu, mkia karibu unafagia barabara.

"Wameitaja hii hii," Redio akasema.

Mzee Asilia aliweka kikombe chini. "Gari hili limesomesha wanangu wote. Likisagwa, na mimi nisageni."

"Hakisagwi kitu," Fundi akajibu kutoka uvunguni. "Springi za nyuma zimekufa, zimenyooka kama rula. Mpya zipo ndani. Shukeni nipige jeki."

Hakushuka mtu. Redio ndiyo kwanza akapanda, akajibanza katikati yetu.

"Kwanza tujue nani kaziua."

Macho yote yakamgeukia Tani Mbili.

"Mnaniangalia nini?"

"Kaka, wewe ukipiga chafya gari linabadilisha gia."

"Mimi nina mifupa mizito! Na wewe Redio? Umbea wako peke yake unahitaji lori!"

"Basi shuka tuone. Mkia ukiinuka, muuaji ni wewe, na kijiwe unahama."

Tani Mbili akashika ukingo wa bodi kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma kweli. Kwake wamejaa wakwe, na zaidi ya hapa hana pa kwenda.

"Sishuki. Ashuke Redio."

"Nishuke mimi, halafu mkia uinuke kwa bahati mbaya?"

Wakanigeukia mimi. Nikasema mguu umekufa ganzi.

"Wanangu, nawaomba," mzee akalia.

"Na wewe mzee si umekaa?" Redio akamuuliza.

"Mimi mwenye gari. Uzito wangu umo kwenye kadi ya gari."

"Jamani!" Fundi akatoka uvunguni, uso mzima grisi. "Nikihesabu tatu, rukeni wote. Moja, mbili, tatu!"

Tukaruka, mzee naye, kahawa ikamwagika. Fundi akachuchumaa, akapiga jicho usawa wa mkia. Haukusogea.

"Nilisema!" Tani Mbili akapiga kelele, machozi yanamlenga. "Nilisema mifupa!"

Fundi akapanda nyuma. Alivuta turubai. Chini yake kulikuwa na injini, giaboksi mbili, na seti tatu za springi za nyuma, zimechakaa, zimefungwa kamba vizuri.

"Mzee, hivi nini?"

"Vya asili hivyo. Injini ya kwanza ilipokufa nikaihifadhi, springi zikalegea. Nikabadilisha, nikazihifadhi. Mpya nazo zikalegea, sijui kwa nini."

"Kwa hiyo springi zimeuawa na springi."

"Mimi kitu cha asili situpi."

Tukashusha vyote. Tani Mbili alibeba giaboksi peke yake, kifuani. Fundi akapiga jeki, akalegeza bolti zilizoota kutu huku akizitukana moja moja, akafunga springi mpya. Jeki iliposhuka, mkia ulibaki juu. Pua ya pikapu ikatazama mbele, tukapiga makofi, na Mzee Asilia akafuta machozi. Redio akamwomba Tani Mbili radhi, na Tani Mbili akamsamehe kwa vikombe viwili vya kahawa. Kisha akapanda, akakaa mahali pake kwa madaha. Mkia haukutikisika.

Mzee akaingia uvunguni. Akatoka na springi zilizofunguliwa muda ule ule, akazipangusa kwa leso, akazilaza taratibu nyuma ya pikapu. Akaenda kuchukua seti nyingine kati ya zile tulizoshusha. Kisha akaikumbatia giaboksi.

"Mzee!" Fundi akapiga yowe. "Ukaguzi ni kesho!"

"Ndiyo maana. Wakiniuliza vya asili viko wapi, nitasema nini?"

Mkia ukaanza kushuka. Tani Mbili akaruka chini, mikono juu.

"Mashahidi wote mnaniona? Mimi nipo chini!"