Mgahawa wa Hezekia na Zamu za Jembe

Siku Hezekia alipomwona mgeni wa mradi fulani akilipa shilingi elfu tano kwa kikombe cha kahawa ya kopo, pale hotelini jirani na stendi ya Tarime, aliiacha chapati yake nusu. Si kwamba ilikuwa mbaya. Kichwa cha Hezekia kilikuwa na nafasi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na saa hiyo kilikuwa kimeshajaa.

Alikuwa ameshuka kwenye basi la Mwanza siku mbili kabla, na begi moja, suti moja ya rangi ya udongo, na sababu kadhaa za kutorudi Mwanza upesi. Huko aliwahi kuuza viwanja ambavyo mvua ikinyesha ni ziwa, na nafasi za kazi mgodini kwa vijana ambao mpaka leo wanasubiri kuitwa. Kwao ni milimani, hapo hapo Tarime, lakini aliondoka akiwa na miaka minane, na Kikurya chake kilibaki na umri huo: aliweza kuomba uji na kutukana mbuzi.

Basi akakaa akawaza. Mgeni anakunywa unga uliokuja kwa meli. Kule juu, mwendo wa saa moja kwa bodaboda, mibuni imejaa mlima tangu wakoloni, na wenye mibuni wanakunywa chai ya rangi. Hapa tukumbushane kidogo, maana wapo waliosahau kwa makusudi: ushirika wa kahawa ulipokuwa hai, mazao ya mlima ule yalishuka kwa malori, na wakulima wakaambiwa wasubiri malipo ya pili. Ushirika ukafa. Katibu wake, Mzee Heche, alilia msibani kuliko wafiwa wote, kisha akafuta machozi akajenga ghorofa na kununua fuso mbili.

Hezekia hakuwa na uchungu na hayo. Yeye aliona mji unaotaka kuonekana umeendelea, na tajiri mmoja asiyependa kupitwa na chochote. Angefungua mgahawa wa kahawa, aujaze watu wiki sita, amuuzie Heche kwa bei ya kutoa jasho, na jioni ya siku hiyo awe kwenye basi. Alihitaji tu mtu anayeijua kahawa, na mtu mwingine wa kubandikwa jina kwenye karatasi, ili mambo yakichacha polisi wasikose pa kuanzia. Akawapata wote wawili katika mwili mmoja.

Mokami alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwenye ekari mbili za mibuni, aliyeshuka sokoni kila wiki na kahawa aliyoikaanga mwenyewe kwenye chungu. Hezekia alimpa shikamoo ya kuinama mpaka tai ikagusa kikapu. Akamweleza kwamba amerudi nyumbani kuinua mlima, kwamba yeye Mokami ndiye atakuwa mama wa mgahawa, tena kwa mshahara. Mkataba wa pango na leseni ya biashara vikaandikwa jina lake. Hezekia hakumuuliza kama anajua kusoma. Alimsogezea kidau cha wino.

"Weka dole hapa, mama. Na hapa."

Mokami aliipitia ile karatasi kwa macho toka juu hadi chini, akaweka dole bila swali. Kutouliza huko Hezekia alikuhesabu kuwa ni ujinga, na huko ndiko waungwana wengi wenye suti walikopotelea.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala bovu la mahindi. Mafundi wa mjini walitaka fedha, jambo ambalo Hezekia aliliona ni ukosefu wa uzalendo. Mokami akamwambia kwao kuna risaga: majirani wanakuja wote kufanya kazi kwako, wewe unawalisha, kesho mnahamia kwa mwingine, mpaka kila mmoja apate zamu yake. Hezekia aliisikia sentensi hiyo mpaka kwenye neno kuwalisha. Wakashuka watu kumi na mmoja, wakiongozwa na Waisiko, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Kwa siku mbili walipiga lipu, wakapaka chokaa, wakapigilia mabenchi, wakabeba magunia. Hezekia aliwapa ugali, nyama na togwa, akawapiga picha. Jioni ya pili Waisiko alimuuliza, mbele ya wenzake, kama sasa na yeye ni mtu wa risaga yao.

"Mama, mimi ni damu yenu," Hezekia akajibu, mkono kifuani.

Wote wakaitikia kwa pamoja. Alidhani wanamshangilia.

Mgahawa ukafunguliwa. Wiki ya kwanza Hezekia aliujaza vijana wa bodaboda, kikombe bure kwa sharti kwamba wakae dirishani na waonekane wanafikiri. Wiki ya pili likazuka balaa asilolitegemea: watu wakaanza kuja wenyewe. Wakaja walimu, manesi, madalali wa ng'ombe, vijana wa kijiji cha Genkuru waliotoka mgodini na vumbi kwenye kope. Mzee Abdurahmani, muuza kahawa wa birika pale sokoni kwa miaka thelathini, alikuja kumkagua adui, akanywa, akaagiza cha pili, na tangu siku hiyo akawa anachukua kahawa yake kwa Mokami. Hezekia alikereka. Uongo ukigeuka kweli una adha zake: alilazimika kuamka alfajiri kutafuta maziwa.

Lakini chambo kilikuwa kinafanya kazi. Mzee Heche alipita mara moja kwa miguu, mara mbili kwa gari, mara ya nne akaingia. Akauliza kibanda hiki kinaingiza kiasi gani.

"Hiki ni maonyesho tu, mzee," Hezekia akasema, akashusha sauti. "Biashara yenyewe iko Serengeti."

Akatoa karatasi. Ulikuwa mkataba na kampuni ya kambi za watalii iitwayo Tembo Mweupe, ambayo makao yake makuu yalikuwa kichwani mwa Hezekia: kilo mia nne za kahawa kila mwezi, miaka mitano. Muhuri wa tembo ulichongwa mpakani Sirari na fundi wa mihuri asiyeuliza maswali. Heche aliusoma mkataba kama alivyokuwa akisoma vitabu vya ushirika, yaani tarakimu peke yake. Akauliza mtu mwenye mali hii anaiuza kwa nini. Hezekia akasema amepata viza ya Kanada, na Kanada haimsubiri mtu.

Wakakubaliana milioni kumi na mbili, taslimu, Alhamisi saa nane mchana. Bila mwanasheria. Heche hakuwapenda wanasheria tangu ule msiba.

Alhamisi hiyo, jua halijapanda vizuri, mlango wa mgahawa ukagongwa. Alikuwa Waisiko na wenzake kumi, pikipiki nne zikinguruma nyuma yao, na jembe moja lisilo na mwenyewe.

"Leo ni kwangu, mura," Waisiko akasema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Vaa."

Hezekia akacheka. Wao hawakucheka. Akasema ana mgeni mkubwa leo, yeye atakwenda keshokutwa. Waisiko akamuuliza kwa upole kama siku ile ya chokaa kuna mtu yeyote aliyekuwa na mgeni. Hapo Hezekia akapiga hesabu ya haraka. Akikataa, vinywa kumi na moja vitakuwa sokoni kabla ya saa tatu vikitangaza kwamba mwenye mgahawa ni mtoro wa risaga, na mtu wa namna hiyo hapa haazimwi hata kiberiti. Heche angesikia kabla hajavaa viatu. Afadhali aende, alime kidogo, saa saba awe amerudi.

Mokami alikuwa ameshasimama na buti za mpira za marehemu mumewe. Alimvua koti taratibu, kama mama anayempeleka mtoto shule, akapokea na viatu. Akasema vitaharibika, atamtunzia. Hezekia akamwagiza mzee akija ampe kahawa, amwambie asubiri, na zile karatasi za kwenye droo asiziguse. Alikuwa ameshavuka kijito cha kwanza alipokumbuka kwamba simu imo kwenye koti.

Shamba la Waisiko lilikuwa limelala ubavuni mwa mlima kama mtu aliyegoma. Kila mmoja alipewa mstari, kutoka chini hadi juu. Saa nne mikono ya Hezekia ilikuwa imetoa malengelenge. Saa sita wenzake walikuwa wameshafika juu, wamekaa, wanamtazama. Alijaribu kusema tumbo linamuuma, akaletewa uji. Alijaribu kusema lazima apige simu. Akaulizwa anampigia nani, na jina la Heche halikuwa la kutajwa mlimani. Pikipiki zilikuwa zimesharudi mjini. Saa nane, saa ya milioni kumi na mbili, Hezekia alikuwa katikati ya mstari, akiliona paa la mgahawa likimeremeta kule bondeni, dogo kama kizibo.

Alifika mjini saa kumi na moja jioni kwa miguu, ndani ya buti kubwa kuliko miguu yake. Mokami alikuwa anafuta meza.

"Mzee alikuja?"

"Alikuja, na mfuko. Nikamwambia mgahawa hauuzwi, una jina langu. Akasema hautaki, anataka mkataba tu. Akaniambia, mama, tumalizane wewe na mimi, huyo mhuni wa Mwanza wa nini. Akatoa milioni nane."

Hezekia akakaa kwenye benchi.

"Ukachukua?"

"Nilimsomea kwanza, neno kwa neno. Nikaandika kwamba nimemuuzia karatasi hiyo na kwamba ameridhika nayo. Walimu wawili wakashuhudia."

"Mama, mkataba ule ni wa uongo."

"Najua. Muhuri wake ulikuwa bado unachafua vidole." Akakunja kitambaa. "Na lile dole nililoweka mimi, ulitaka linifunge miaka mingapi?"

Hezekia akabadili njia, akasema kwa unyonge kwamba basi wagawane. Mokami akamwambia kuna jambo la kwanza. Heche alipofika nyumbani aliipigia namba ya Tembo Mweupe iliyoandikwa juu ya mkataba, na simu ikaita hapa, ndani ya koti. Mokami akaipokea. Mzee aliitambua sauti yake, akajua kampuni hakuna na namba ni ya Hezekia. Sasa wana wawili wa Heche wako stendi, wengine njia ya Sirari, na wanayemtafuta si mama mwenye mashahidi. Ni mwenye namba.

Koti, viatu na simu vilikuwa juu ya meza, vimekunjwa vizuri.

"Nitajificha wapi?" Hezekia akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu afike Tarime lilikuwa swali la kweli.

"Mlimani. Heche hajapanda kule tangu ushirika ufe, na anajua kwa nini. Una watu kumi na mmoja, kila mmoja alikufanyia siku mbili. Umelipa moja."

Msimtarajie Mokami awe malaika. Hakumgawia mtu shilingi. Alinunua mashine ya kukaangia, akabadilisha bati, akaajiri mabinti wawili, na Heche akipita sasa hugeuza shingo upande wa pili wa barabara, maana kwenda kushtaki kungembidi aeleze fedha ile aliitoa wapi.

Hezekia alizimaliza zamu zake zote. Siku ya tatu ya zamu hizo, wakati wa mapumziko, Waisiko alimimina kahawa ya Mokami kutoka kwenye chupa ya chai akampa bakuli. Hezekia hakuwahi kuionja, siku zote za mgahawa wake alikuwa akinywa soda. Akapiga funda, akakunja uso, akauliza kama kuna sukari.

"Sukari ni ya wateja," Waisiko akasema, na akamwonyesha mstari wa jana, ule aliopaswa kuurudia.